Uzi wa Buibui

Bomba la shaba lililala kwenye daka la ukumbini,
limeviringwa kanga iliyokwisha rangi.
Tulidhani ni mguu wa meza ya Mzungu fulani.

Bibi ndiye aliyejua.
"Hilo," akasema, "lilinila siku tisa za ujana."

Walikuja watatu na masanduku kumi na moja,
wakajenga nguzo ya mawe pale Mkomani
ili darubini isitikisike hata punda akipita.
Haikugeuka mashariki wala magharibi;
ilijua njia moja, kaskazini kwenda kusini,
ikingoja kila nyota ipite mlangoni pake.
Ndani ya jicho lake mlikuwa na nyuzi tano.
Chumvi ya Lamu ikazikata zote usiku wa kwanza.

Wakajaribu hariri: nene kama kamba ya ng'ombe.
Unywele wa yule kijana: ulimeza nyota nzima.
Ndipo mpishi wao, Famau, akamtaja
msichana atariziye kofia kwa tundu zisizoonekana.

Akaja na buibui ndani ya buibui:
mdogo, tumbo jeupe, kaokolewa nyuma ya mtungi
kabla ya fagio la Alhamisi.
Akamning'iniza kidoleni, akamwacha ashuke,
uzi akauzungusha kwenye panda ya kijiti,
akaubandika kwa nta, pumzi kaziba.
Ulikatika mara nne.
Mara ya nne alimtukana buibui,
kisha akamtaka radhi.

Usiku ule Suheli ikaingia.
Mmoja alihesabu mapigo ya saa kwa sauti,
mwingine akaandika: dakika, sekunde, sehemu za sekunde,
joto la hewa, jina la fundi wa kioo.
Uzi hawakuuandika.
Walimlipa rupia mbili
wakamwachia na bomba, maana meli ilidai nauli ya mzigo.

"Na wewe, uliiona?"
"Niliiona. Walikuwa wamekwenda kula."
Akaikwaruza shaba kwa ukucha.
"Ilikuwa yakimbia, mwanangu. Kule juu zimetulia,
lakini mle ndani yakimbia kama iliyochelewa,
ikafika kwenye uzi wangu, ikapasuka vipande viwili,
ikaungana, ikenda zake."

Jana nimefungua kifuniko. Kioo kimeota ukungu.
Nyuzi nne hazipo.
Mmoja upo, umelegea, vumbi limeukalia.
Mke wangu kaja na kitambaa, tayari kupangusa.

Nikamshika mkono.