Nani Amenyamaza

Mwanzo ilikohoa tu, kikohozi cha mzee asiyetaka kuamsha nyumba,
nikasema ni baridi ya alfajiri.
Wiki ya pili ikaanza kusaga.
Mama Obura, ng'ambo ya ukuta, akauliza
kama nimenunua kinu cha unga nikamficha.

Mimi hupiga chapa. Nyalenda, chumba kimoja, mabati.
Makanisa huniletea ratiba,
na wafiwa, Alhamisi jioni, huniletea maisha ya mtu mzima
kwenye kurasa mbili za daftari:
kesho saa nne, tafadhali, tunaelekea Siaya.
Siwezi kuwa na mashine inayokata kauli
katikati ya jina la marehemu.

Nikaichunguza kama daktari asiye na dawa.
Nilifunga kila nilichofungua. Ikanguruma.
Nikaiinua kwa vifuniko vinne vya soda, ipumue kwa chini.
Ikanguruma zaidi, kama mgeni aliyepewa kiti.
Nikaiinamisha kushoto: kimya.
Kulia: kraa, kraa, kraa.
Basi usiku ule nilichapa mashine imelala ubavu,
nami nimepinda,
na asubuhi shingo yangu ndiyo iliyolia kraa.

Shitakha wa Kondele aliweka sikio kwenye keibodi,
akafumba macho, akasema: elfu mbili mia tano.
Hajaigusa bado.
Nikamwambia nitarudi. Alijua sitarudi.
Akaniazima bisibisi ndogo,
akasema, "Ukiiunguza, usinitaje."

Jumamosi, Anindo amelala, nikatandika taulo mezani.
Skrubu kumi na moja. Nikazipanga sahanini
jinsi zilivyokaa. Ya pembeni iligoma, kichwa kimelika;
nikaiwekea kipande cha mpira, nikakandamiza, ikakubali.
Kifuniko kikaachia polepole,
kadi kuukuu ya simu ikipita ukingoni
kama kisu chini ya magamba ya ngege.

Visubi wa ziwani.
Mwezi wa nne walipanda kutoka Dunga kama moshi,
tukafunga madirisha, wakapitia tundu la ufunguo,
mwanga wa skrini ndio uliowaita.
Nilidhani niliwafagia wote. Kumbe walivutwa ndani,
mmoja mmoja, wakashonana na vumbi na nywele zangu
wakawa kipande cha blanketi, kijivu,
kwenye mlango wa upepo.
Hewa ilikuwa ikibisha hodi miezi yote hii.

Nikazuia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno
yasizunguke kiwazimu,
nikapuliza kwa pampu ya baiskeli.
Chafya tatu. Zangu.
Nikabandua kibandiko cha katikati, nikadondosha
tone moja la mafuta ya cherehani,
moja, mkono ukitaka mawili.

Skrubu kumi zikarudi. Ya kumi na moja
ilibaki sahanini ikinitazama.
Tundu lake sikuliona. Hadi leo imo
kwenye kikombe cha vifungo.

Nikawasha.
Nikadhani nimeiua.
Nikaweka kiganja ubavuni: pumzi,
nyembamba, vuguvugu.
Ndipo nikasikia chumba changu:
bomba likidondokea ndoo,
Mama Obura akihesabu pesa, akikosea, akianza tena moja.

Nikamrudia marehemu Yonah Odiga,
aliyepiga ngoma ya Jeshi la Wokovu miaka thelathini na mitatu,
nikafika kwenye wajukuu,
na Anindo, ambaye hajawahi kuamshwa
na mvua ya mawe, wala mbwa, wala mkesha wa jirani,
akaketi kitandani, macho wazi gizani:

"Mama, nani amenyamaza?"