Wastani

Robo ya tatu ya mwaka imeniwasilia ndani ya bahasha,
nami, Verna Hruska, karani wa Kaunti ya Hollis,
Nebraska, kwenye ng'ombe wengi kuliko wapiga kura,
nimeivaa miwani, kahawa nimeisogeza kando,
niwahesabu majirani zangu kwa safu na mistari.

Kilimo: watu mia mbili na kumi.
Mwaka jana walikuwa mia mbili thelathini na mmoja.
Mashine mpya ya Lindqvist huvuna usiku, peke yake,
inamulika mahindi kama mwizi asiyeogopa mbwa,
na mwenyewe amelala. Au anautafuta usingizi.
Ujira umepanda senti arobaini kwa saa.
Dizeli nayo imepanda, lakini jedwali langu
halina safu ya dizeli.

Afya: wauguzi wamepungua, malipo yameongezeka.
Maana yake Odette anaunganisha zamu mbili
na wodi ya wazazi ina kufuli tangu Machi.
Mtoto wa Hollis siku hizi huzaliwa
maili sabini kusini, ama garini, kando ya barabara,
na huko huko ndiko anakoandikwa.

Machimbo: hapa naweka nyota.
Kanuni yasema mwajiri akiwa mmoja tu
takwimu zake zisitiriwe, asije akajulikana.
Asije akajulikana!
Malori ya Garrity yanagonganisha vikombe vyangu kabatini
kila alfajiri, na asiyejua anawalipa nini vijana wake
na awatazame viatu.
Nyota naiweka hata hivyo. Kazi ni kazi.

Serikali: kumi na mmoja. Januari, kumi.
Anayepungua ndiye huyu anayehesabu.

Kisha Viwanda, na kalamu inasita.

Kiwanda cha glavu kilifungwa tarehe tisa Juni.
Wanawake themanini na wanne, wengi rika langu,
vidole vimepindishwa na sindano,
walitoka na maboksi kifuani;
mmoja alikibeba kiti chake
akakifunga kwa kamba juu ya gari,
miguu minne ikielekea mbinguni.
Hao ndio waliolipwa kidogo kuliko wote.
Na kwa kuwa sasa hawamo hesabuni,
wastani wa mshahara wa kaunti umepanda
asilimia sita nukta mbili.

Nimejumlisha mara tatu, nimegawanya mara tatu.
Hesabu haina kosa, na hilo ndilo linaloniudhi.
Watoe wafupi chumbani:
waliobaki hawajarefuka hata unywele,
ila futi kamba itaapa kwamba wamerefuka.

Ijumaa mwenyekiti wa bodi atausoma ukumbini,
ulimi umepakwa asali: mishahara yetu inapaa!
Makofi yatalia. Chai itamiminwa, na keki ya maboga.
Hakuna atakayekuwa amesema uongo.

Jioni Marlys, dada yangu, akapiga simu.
Miaka ishirini na sita alishona kidole gumba,
gumba tu, la kushoto,
na tangu Septemba ameacha kutafuta kazi,
kwa hiyo fomu haimtambui kuwa hana kazi.
Haimtambui kabisa.

"Umemaliza hesabu zako?" akauliza.
Nikasema nimemaliza.
"Tumo?"

Nje, lori la Garrity likapita. Vikombe vikajibu.

"Hammo," nikasema.
Akacheka, kicheko cha mtu aliyejua bei kabla ya kuuliza,
kisha akataka kujua kama lile koti langu la baridi
bado lahitaji kupunguzwa pindo.
Nikamwambia njoo kesho. Dola kumi na tano
na supu ya mchana.

Nikaitafuta safu ya kuziandika.
Nikaifunga bahasha.