Herufi Moja

Saa kumi na dakika kumi na tisa.
Ndivyo isemavyo kompyuta, na imesema hivyo
hadi adhana ya magharibi imepita juu ya Isevya
na kuku wa jirani wamekwisha kulala.
Kishale kimesimama katikati ya neno:
*Naomba kufahamishwa kuhusu mafa*
Nasukuma kipanya. Kimya.
Nabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, kama nilivyofundishwa. Kimya.
Kioo kinanitazama kama karani wa dirishani
aliyekwisha kufunga hesabu.

Miaka thelathini na mmoja nilipokea vifurushi stesheni ya Tabora.
Kitu kilichokwama nakijua.
Behewa likigoma hulitukani, unaliuliza:
ni breki, ni ekseli,
au kuna mtu kasahau jiwe chini ya gurudumu?
Basi nikafungua daftari.

Jumatatu, imeganda baada ya dakika arobaini.
Jumanne, arobaini na mbili.
Jumatano mvua ilinyesha, kukawa na ubaridi,
ikaenda saa mbili nzima; nikamwita Kalunde aje aone.
Alipovuka kizingiti tu, ikaganda.
"Mimi tena?" akasema.

Washtakiwa hawakukosekana.
Mjukuu wetu Sizya na michezo yake ya magari:
nikaifuta yote, akanuna siku mbili. Ikaganda.
Virusi: kijana mmoja akaja na flashi yake,
akakamata wanane, akanidai elfu kumi. Ikaganda.
Mashine ya Mrisho ya kuchomelea mageti,
ile inayozikonyeza taa za mtaa mzima:
nikamwomba aipumzishe Ijumaa moja, akaipumzisha.
Ikaganda, kwa utulivu mkubwa.
Dada yangu akapiga simu kutoka Urambo, akataja jina la mtu.
Nikamwambia, mchawi gani huyo
anayengoja dakika arobaini?

Kalunde ndiye aliyeweka kiganja juu ya kasha,
vile alivyokuwa akipima homa za wanetu.
"Hii inaumwa," akasema. "Hebu iguse."

Tukaichomoa, tukailaza ukumbini juu ya kanga kuukuu,
bisibisi ya nyota mkononi mwangu, tochi ya simu mkononi mwake.
Ubavu ulipotoka,
kumbe Tabora yote ilihamia humo!
Vumbi la kiangazi limelala kama blanketi,
manyoya ya paka, ganda la karanga,
na kule nyuma, pale hewa ya moto inapotokea,
nyumba ya nyigu:
udongo umefinyangwa, vyumba vitano,
kila kimoja kimezibwa kwa ustadi
ambao fundi aliyejenga choo chetu hakuwa nao.
Feni ilijaribu kuzunguka, ikagota ukuta,
ikanyamaza.

Nilisita. Mpangaji ni mpangaji.
Kalunde hakusita.

Brashi ya rangi, pampu ya baiskeli,
memori nikaisugua kwa kifutio cha Sizya
(alidai peremende, akapewa).
Tulipofunga, parafujo moja ilibaki kiganjani,
na hadi leo sijui ilitoka wapi.

Dakika ya arobaini tulikaa kama abiria
waliosikia honi mbali na hawaoni kitu.
Arobaini na tano.
Saa nzima.
Feni ikivuma mvumo wa mzinga wenye wenyewe.
Kalunde akaenda kuepua maharage,
nami nikaongeza herufi moja iliyokuwa imebaki:
*o*.

Jumatatu nikapeleka barua.
Dirisha ni lilelile, na yule binti, bila kuinua macho:
"Faili lako linashughulikiwa, mzee."
Maneno ya mwaka juzi, hayajasogea hata hatua.
Nikaweka kiganja juu ya kaunta, polepole,
vile Kalunde alivyofanya.

Baridi.

Mkono mwingine, mfukoni,
ulikuwa unaizungusha ile parafujo.