Mita Kumi na Moja

Alfajiri nilikoroga chokaa, debe moja na nusu,
nikaanza na ukuta wa nje, upande wa barabara,
pale walipoandika MSALITI kwa mkaa,
herufi moja wameikosea.

Mama hakutoka. Uji wa mtama umepoa sufuriani,
ukwaju umelala bakulini bila kukamuliwa;
hata jina lake leo lina makali.
Wateja wetu wa kila siku, mtaa huu wa Bobo-Dioulasso,
wamepita ng'ambo ya barabara wakitazama viatu vyao.

Jana usiku Fousséni aliuweka mpira chini
kisha akauinua tena. Akaugeuza,
akitafuta upande usio na maandishi.
Hapo nikajua.
Ndivyo alivyokuwa akigeuza daftari la hesabu
baba akiwa mlangoni.

Mtangazaji akasema: miguuni mwake, bara zima.
Bara zima!
Kijana ana kilo sitini na nane.
Ana kisigino kinachodungwa sindano tangu robo fainali,
posho ya miezi mitatu ambayo waziri huileta kwa mdomo,
na sauti ya rais kwenye simu, chumba cha kubadilishia nguo,
wote wamesimama na taulo viunoni wakiambiwa: msituaibishe.
Ana wajomba niliowajua mwaka huu,
picha yake ilipokaa kwenye pakiti za maziwa.

Kipa wa wale wengine alikuwa anatafuna chingamu.
Yeye akifungwa, amefungwa yeye, anakwenda kuoga.
Ndugu yangu akikosa, watasema sisi.
Watasema ndivyo tulivyo, tunafika mlangoni
tunasahau kubisha.

Mpira ukapaa.
Ukapaa taratibu, bila haraka yoyote,
kana kwamba kati yetu sote
ni wenyewe tu uliotuliwa mzigo.

Saa tisa usiku simu ikaita. Hakusema kitu.
Nilisikia kiyoyozi cha hoteli, magurudumu ya sanduku koridoni.
Nikamwambia mbuzi wa Djénéba amezaa pacha,
mmoja ana doa puani.
Kimya.
Halafu: doa la rangi gani?
Nikasema, sijui, nitaangalia kukicha.

Mkono wa kwanza wa chokaa umekauka.
Neno bado linaonekana kwa chini, kama mshipa.
Nitapaka tena mchana, na kesho nikiweza.
Ni la kahawia, Fousséni.
Nimekwenda mwenyewe kuangalia.