Kinywe

Mama akinyanyua ndoo juu ya miche ya nyanya
alizoea kusema: kitalu kinywe kwanza.
Kwa hiyo walipochoronga kilima chetu, huku Ruangwa,
wakasema kilichomo kinaitwa kinywe,
nilicheka mkutanoni, peke yangu.

Sasa mfereji unashusha maji ya kijivu,
yanateleza vidoleni kama mafuta.
Somoe Nannauka, mweka hazina wa skimu,
kila Jumanne anajaza chupa lango la tatu,
anabandika tarehe,
anazipanga dirishani kama dawa za mtoto.

"Chupa si ushahidi," alisema bwana wa kofia ngumu.
"Basi kunywa."
Akatazama saa.

Chupa zimefika thelathini na moja.
Nyuma ya ile ya kwanza unahesabu vidole vyako;
nyuma ya hii ya jana, huoni mkono.
Mpunga haujui kusoma tarehe.
Unakunywa ulicholetewa.

Penseli ninayoandikia barua hii ya wilayani
pengine imetoka kilima kama chetu. Siichukii.
Naichonga, naandika tena:
bwawa la tope lihamishwe ng'ambo,
mbali na chanzo.
Kitalu kinywe
kwanza.