Disketi Ipo

Programu ya stoo aliiandika Kondo,
mwaka ule wa Elnino, hapa Gerezani,
kwa mashine moja tu, iliyokufa juzi
umeme ulipokatika ukarudi na hasira.

Siwema kaja na kompyuta ya ukoo mwingine,
isiyojua lugha ile hata salamu.
"Hatuibadili," akasema. "Tunaiwekea mkalimani."
Feni ikavuma. Nikaenda kuuza bolti za nusu inchi.

Niliporudi kioo kilikuwa buluu,
buluu ileile,
na agizo lake la kila asubuhi:
*Ingiza disketi, kisha bonyeza kitufe.*

Disketi hakuna. Hata tundu lake hakuna.
Mkalimani akajibu kwa niaba ya chuma:
ipo.
Nayo ikaamini. Ikafungua daftari,
ikahesabu beringi, nati, mikanda ya feni,
ikidhani ingali mezani kwa Kondo.

Halafu, pale chini, utani aliojiwekea mwenyewe:
*Karibu, Kondo. Leo umechelewa.*

Nikamtazama Siwema.
Naye anakunja nyaya, hana habari.
Miaka tisa tangu tumzike Kisutu.

Nikavuta kiti chake.
*Foleni,* nikaandika. *Foleni ya Tazara.*