Kufuli la Kinu

Saa tano usiku, Chavakali. Kinu kimezimwa,
masikio bado yanasaga.
Nimelitoa kufuli mlangoni, nikalifunga kwa mshipi wa kuvulia,
nikalining'iniza kwenye boriti
mahali pa mizani.
Mlango hauna kufuli, kwa hiyo mama mkwe, Kageha,
amelala juu ya magunia ya watu
na panga chini ya leso.
"Hii digrii yako," anasema gizani, "itatuibia unga."

Zoezi la tatu: tafuta mchapuko wa kitu kiangukacho
kwa vifaa vilivyo nyumbani kwako.

Mhadhiri simjui ila kwa sauti na mkono.
Wiki jana mtandao ulimgandisha
chaki hewani, neno nusu,
nikamngoja hivyo hivyo hadi bando likaisha.
Wenzangu ni majina tu: mmoja askari, yuko Lodwar,
mwingine Kendu Bay, ananyonyesha, huzima kamera.
Tunasalimiana kwa milinganyo.

Navuta kufuli kidogo, vidole vinne, naliachia.
Linakwenda. Linarudi.
Nahesabu kimoyomoyo kama nihesabuvyo gorogoro za mahindi.
Kwenda na kurudi mara ishirini:
sekunde thelathini na sita nukta mbili.
Mshipi, sentimita themanini, kwa tepu ya fundi Amugune
ambaye hajui kwamba iko kwangu.

Napiga hesabu nyuma ya daftari la madeni.
Tisa nukta sita nne.
Kitabu kinataka tisa nukta saba na ushei kwa vilima vya kwetu.
Je, dunia inavuta kwa uvivu hapa Chavakali?
Ingekuwa hivyo, mgongo wangu ungekuwa wa kwanza kuambiwa.

Narudia. Ile ile. Mara tano, ile ile.
Kosa linalorudi bila kubadilika, ilisema ile sauti,
si bahati mbaya. Lina anwani. Litafute.

Nalishika kufuli likingali linatetemeka.
Nilipima hadi shingoni,
mshipi unapoishia.
Lakini uzito haukai shingoni.
Uzito uko tumboni, chini kidogo, ndani ya shaba,
sentimita moja na kitu.

Nikacheka peke yangu.
Maseno, mwaka wa pili, niliondoka na Mideva tumboni,
na kila aliyenipima
alipima hadi pale uzi ulipokatikia.

Naongeza ile sentimita na kitu. Tisa nukta saba saba.
Kisha naandika, kama inavyotakiwa,
huenda nimekosea kwa kiasi gani.
Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza hilo
na kunipa alama kwa kujibu kweli.

"Umepata?" anauliza Kageha.
"Nimepata. Dunia inatuvuta sawa na wengine."
"Basi rudisha kufuli," anasema, "nilale."